KUTAFUTA CHANZO CHA ENJINI KUTETEMEKA: FUNZO LA UCHUNGUZI KWA MWALIMU WA SHULE YA MSINGI

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu mwanafunzi jinsi hitilafu moja ya gari la zamani inavyochunguzwa, hatua kwa hatua, mpaka chanzo chake kijulikane. Hitilafu yenyewe ni ile ya enjini kutetemeka na kuunguruma bila mpango wakati gari limesimama, gia haijaingizwa, wala dereva hajakanyaga mafuta. Hali hiyo ya enjini kuzunguka polepole bila kazi mafundi wetu huiita sailensi. Na enjini inaporukaruka katika hali hiyo, husema kwamba gari lina misi. Hapa tutaiita hali ya kwanza mwendo wa kutulia.

Pengine mwanachuo atauliza: mwalimu wa shule ya msingi ana haja gani na plagi na kabureta? Haja zipo mbili. Ya kwanza ni kwamba enjini hukusanya pamoja mambo ambayo katika mihtasari ya Sayansi hufundishwa mbalimbali: hewa, moto, umeme, joto na msukumo. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba hitilafu hii hufundisha vizuri tofauti iliyopo baina ya kuchunguza na kubahatisha. Mwenye gari anayebahatisha hununua plagi mpya, kisha koili, kisha kabureta nzima. Fedha zake huisha na enjini huendelea kutetemeka, kwa sababu chanzo kilikuwa mpira wa hewa uliopasuka. Mwalimu anayebahatisha naye hupoteza kitu chenye thamani kuliko fedha, nacho ni wakati wa mtoto. Jambo hili tutalirudia baadaye.

Magari tunayoyazungumzia ni yale yenye kabureta na distribyuta ya pointi. Magari ya siku hizi hupuliza petroli na kusawazisha mwendo wa kutulia kwa mpango wa kompyuta, nayo huchunguzwa kwa vyombo vingine. Kwa mfano wetu tutachukua Land Rover Series III ya petroli, gari lililotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985. Enjini yake iliyokuwa ya kawaida ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Sehemu zake huonekana na kufikika kwa urahisi, na kwa sababu hiyo hufaa sana kwa kufundishia.

Enjini hufanya nini inapotulia?

Kila silinda hufanya kazi kwa hatua nne. Katika hatua ya kwanza pistoni hushuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli. Katika ya pili hupanda na kuugandamiza. Katika ya tatu cheche ya plagi huuwasha, na moto huisukuma pistoni chini. Katika ya nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje. Kwa hatua hizo nne enjini huzunguka mara mbili.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme enjini inazunguka mara 600 kwa dakika, yaani mara 10 kwa sekunde. Kila silinda itawaka mara 5 kwa sekunde, na silinda zote 4 zitawaka mara 20 kwa sekunde. Misukumo hiyo 20 ikiwa sawa na ikifuatana kwa nafasi zilizo sawa, enjini hutulia. Silinda moja ikikosa kuwaka, misukumo hubaki 15, na baada ya kila misukumo mitatu huwapo pengo. Pengo hilo ndilo mtetemo unaosikika mpaka kwenye usukani.

Ili silinda iwake vyema yahitajika mambo matatu, wala hakuna la nne: mchanganyiko ulio sahihi wa hewa na petroli, cheche yenye nguvu inayotokea kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha. Mwanachuo na ayashike mambo haya matatu, kwani uchunguzi wote unaofuata ni kuuliza ni lipi kati yake limepungua, na limepungua katika silinda zote au katika moja tu.

Kwa nini hitilafu hujitokeza zaidi katika mwendo wa kutulia, na aghalabu hufichika gari linapokwenda kasi? Dereva asipokanyaga mafuta, kilango cha hewa ndani ya kabureta huwa karibu kimefungwa. Hewa inayoingia ni kidogo sana, na nyuma ya kilango hicho hutokea ombwe lenye nguvu. Tundu dogo lililopo baada ya kabureta huingiza hewa ya wizi, na kwa kuwa hewa halali ni kidogo, hewa hiyo ya wizi huwa sehemu kubwa ya jumla na kuuharibu mchanganyiko. Kilango kikifunguliwa, hewa halali huwa nyingi na ile ya wizi huwa kama tone ndani ya ndoo. Tena enjini inapokwenda kasi gurudumu lake zito hupita juu ya mapengo kwa nguvu ya mwendo wake lenyewe. Kwa hiyo mwendo wa kutulia ni kama mtihani mgumu: huonyesha udhaifu ambao kasi huuficha.

Kusikiliza kabla ya kushika

Kosa la kawaida ni kuanza na bisibisi. Mchunguzi mzuri huanza kwa masikio, macho na maswali, na majibu yake huyaandika. Maswali ya kwanza ni haya:

(a) Je, mtetemo una mpango au hauna? Pengo linalorudi kwa kipimo kilekile, kama ngoma iliyokosa pigo moja, huelekeza kwenye silinda moja. Mtetemo usio na mpango, unaohama na kupanda na kushuka, huelekeza kwenye jambo linalozigusa silinda zote, kama vile mchanganyiko, hewa ya wizi au pointi.

(b) Je, hutokea enjini ikiwa baridi, ikiwa moto, au wakati wote? Enjini inayotetemeka ikiwa moto tu, huku ikitoa moshi mweusi, yaweza kuwa choki yake haifunguki mpaka mwisho.

(c) Je, moshi una rangi gani? Mweusi ni dalili ya petroli kuzidi. Wa samawati ni dalili ya oili kuungua. Mweupe mzito usiokwisha hata enjini ikipata moto, pamoja na maji kupungua katika rejeta, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kuvuja.

(d) Je, ni kazi gani iliyofanywa mwisho kabla ya hitilafu kuanza? Mara nyingi chanzo kimejificha mahali palepale palipoguswa: waya uliorudishwa pasipo pake, au mpira uliosahauliwa.

Swali (a) lina thamani kubwa kuliko yote, nalo halihitaji hata spana moja.

Mpangilio wa vipimo

Baada ya kusikiliza huja vipimo. Mpangilio wake una kanuni tatu. Kwanza, anza na kipimo kilicho rahisi, kisichogharimu, na ambacho baada yake waweza kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Pili, badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Tatu, iache kabureta mpaka mwisho. Kanuni hii ya tatu huvunjwa kila siku, kwani skrubu za kabureta ziko wazi na huvutia mkono. Lakini anayezizungusha kabla ya kuhakikisha cheche, hewa na valvu huongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na baada ya hapo hajui tena alipoanzia.

1. Cheche

Kwanza itafutwe silinda isiyofanya kazi. Zima enjini. Toa waya wa plagi ya silinda ya 1 na uufunge ncha yake ya chuma iguse chuma kitupu cha enjini, mbali na mahali popote penye petroli. Washa enjini, sikiliza, kisha zima na urudishe waya. Fanya hivyo kwa kila silinda. Silinda iliyokuwa ikifanya kazi ikinyimwa cheche, enjini hupungua nguvu na kutetemeka zaidi. Silinda iliyokuwa haifanyi kazi ikinyimwa cheche, hakuna kinachobadilika. Kutobadilika huko ndiko jibu lenyewe. Mafundi wengine huchomoa waya huku enjini ikizunguka. Jambo hilo halifai mbele ya wanafunzi, kwani umeme wa koili ni wa volti maelfu.

Silinda dhaifu ikishajulikana, usikimbilie kununua. Subiri enjini ipoe, kisha badilishana plagi yake na ya silinda jirani, na urudie kipimo. Ikiwa udhaifu umehama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ikiwa udhaifu umebaki pale pale, plagi haina hatia. Badilishana nyaya, na uulize swali lile lile. Njia hii ya kubadilishana ndiyo roho ya uchunguzi, kwa sababu hukilazimisha chombo kitoe ushahidi, nayo haigharimu hata senti.

Plagi iliyotolewa ina habari za kusimulia. Ikiwa ya hudhurungi au kijivu nyepesi, silinda huwaka vyema. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Ikiwa na majimaji ya oili, oili inapenya. Ikiwa nyeupe kama chokaa, silinda hupata joto mno, pengine kwa upungufu wa petroli. Plagi moja iliyo tofauti na tatu nyingine huthibitisha kwamba shida ni ya silinda moja.

Kisha kipimwe kitengo kinachohudumia silinda zote. Kwa Land Rover tuliyoitaja, nafasi ya pointi katika distribyuta yatakiwa kuwa milimita 0.35 hadi 0.40, na nafasi ya plagi milimita 0.75 hadi 0.80. Kifuniko cha distribyuta kikaguliwe kama kina ufa au unyevu. Nyaya zirudishwe kwa mpango wa kuwaka, ambao katika enjini hii ni 1-3-4-2, silinda zikihesabiwa kuanzia mbele. Nyaya mbili zilizopishana huweza kuleta mtetemo mkubwa kuliko hitilafu iliyotafutwa.

2. Hewa ya wizi

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni mpira uliokauka na kupasuka, gasketi iliyolegea chini ya kabureta, au nati isiyokazwa kwenye bomba la kuingizia mchanganyiko. Chukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja uiweke karibu na sikio, na ncha nyingine uipitishe polepole karibu na kila kiungo, mbali na feni. Mahali pa tundu patasikika mluzi. Vilevile waweza kudondosha matone machache ya maji kwenye kiungo kinachoshukiwa, bila kulowesha distribyuta. Ikiwa mlio wa enjini utabadilika kwa kitambo kidogo, maji yameziba tundu na mahali pamejulikana. Wapo wanaotumia petroli badala ya maji. Mwalimu asifanye hivyo kamwe, wala asiruhusu wengine wafanye, kwani petroli juu ya enjini ya moto ni ajali inayosubiri wakati.

3. Valvu na mgandamizo

Valvu zisipofunga sawasawa, mgandamizo huvuja na silinda hudhoofika, hata kama cheche yake ni kali. Katika enjini hii nafasi ya kila valvu yatakiwa kuwa milimita 0.25. Nafasi ikikosekana kabisa, valvu hubaki wazi kidogo wakati inapotakiwa kufunga. Ikiachwa hivyo kwa muda mrefu, ukingo wake huungua.

Upimaji wa valvu katika enjini hii una hesabu itakayompendeza mwalimu. Valvu ni 8, nazo huhesabiwa kutoka mbele. Ili kuipima valvu fulani, enjini huzungushwa kwa mkono mpaka valvu mwenzake iwe imefunguka kabisa, na namba za wenzi hao wawili zikijumlishwa hupatikana 9 daima. Ya 1 hupimwa wakati ya 8 imefunguka, ya 2 wakati ya 7 imefunguka, ya 3 wakati ya 6 imefunguka, na kadhalika.

Mgandamizo wenyewe hupimwa kwa geji inayowekwa katika tundu la plagi. Jambo la kutazama ni silinda zinavyolingana. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, tia kijiko kidogo cha oili katika tundu lake, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechakaa, kwa kuwa oili imeziba nafasi yake kwa muda. Kisipopanda, valvu ndizo zinazovuja. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu pamoja, gasketi ya silinda hedi ishukiwe baina yao.

4. Kabureta

Sasa tu ndipo tunapofika kwenye kabureta. Petroli ya mwendo wa kutulia hupita njia yake ndogo, mbali na ile ya mwendo wa kasi, na chembe moja ya uchafu yatosha kuiziba. Kabla ya kuigeuza skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, uiandike hesabu hiyo, kisha irudishe ilipokuwa. Usiikaze kwa nguvu, kwani ncha yake huharibika. Enjini ikiwa imeshapata moto, izungushe ndani mpaka enjini ianze kukwama, halafu nje mpaka ianze kulemewa. Mahali pazuri ni katikati. Ikiwa skrubu inazungushwa na enjini haionyeshi tofauti yoyote, basi njia ndogo imeziba, au hewa ya wizi bado ipo.

Mfano wa uchunguzi mmoja

Tuseme Land Rover ya namna hiyo inatetemeka inapotulia. Mchunguzi anaandika: mtetemo una mpango, upo enjini ikiwa baridi na ikiwa moto, hakuna moshi wa kutisha, gari likienda kasi hali hupungua. Anashuku silinda moja.

Ananyima cheche silinda moja moja. Kwa ya 1, ya 2 na ya 4, enjini inadhoofika. Kwa ya 3, hakuna tofauti. Anabadilishana plagi za silinda ya 3 na ya 4: udhaifu unabaki katika ya 3. Anabadilishana nyaya: udhaifu unabaki katika ya 3. Kifuniko cha distribyuta hakina ufa. Anapitisha mpira wa kusikilizia kwenye viungo vyote: hakuna mluzi. Anapima nafasi za valvu: saba zina milimita 0.25, lakini moja ya silinda ya 3 haina nafasi hata kidogo. Anairekebisha, na enjini inatulia.

Tazama ni vitu gani vilivyotumika: spana, bisibisi, kipande cha mpira, kipimo cha majani ya chuma, na karatasi. Hakuna kilichonunuliwa. Tazama pia kwamba kila kipimo kilichojibu "hapana" hakikuwa kazi bure. Kila "hapana" iliufunga mlango mmoja, mpaka ukabaki mmoja tu. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya walimu, hudhani kwamba jaribio lisilotoa jibu walilolitazamia limeharibika. La hasha! Jaribio lililoharibika ni lile ambalo baada yake hatujui zaidi ya tulivyojua kabla.

Kuipeleka kazi hii darasani

Shule nyingi hazina gari la kuchunguza, wala si lazima liwepo. Palipo na gari na fundi aliye tayari, madarasa ya juu yaweza kupelekwa kutazama, kwa masharti haya: enjini iwashwe mahali pa wazi tu, kwani moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, watoto wasimame mbali na feni na mkanda wake, rejeta ya moto isifunguliwe, na nguo au kamba zisining'inie karibu na enjini.

Pasipo na gari, tochi yatosha kufundishia fikra zile zile. Mwalimu aandae tochi moja kwa kila kundi, na katika kila moja atie hitilafu moja: betri iliyokwisha, balbu iliyoungua, au karatasi nyembamba iliyofichwa kati ya betri na mguso wake. Kila kundi lipewe pia tochi moja nzima ya kubadilishana nayo vifaa. Wanafunzi wachore jedwali lenye safu nne: Nilichobadili, Nilichotazamia, Kilichotokea, Ninachojua sasa.

Safu ya pili ijazwe kabla ya kugusa kitu. Hili ni sharti, kwani mtoto anayeandika kwanza anachotazamia hulazimika kufikiri, na hawezi baadaye kujidai kwamba alijua tangu mwanzo. Kundi likibadili vitu viwili kwa pamoja na tochi ikawaka, mwalimu asilisifu, aulize, "Ni kipi kilichoiponya?" Kimya kitakachofuata kitawafundisha zaidi ya maelezo marefu. Kipindi kimoja cha dakika 40 chatosha, iwapo vifaa vimeandaliwa mapema.

Mwalimu naye ni mchunguzi

Tulisema kwamba mwalimu anayebahatisha hupoteza wakati wa mtoto. Tuchukue madaftari mawili ya Hesabu. Mwanafunzi wa kwanza ameandika: 52 − 27 = 35; 81 − 46 = 45; 60 − 38 = 38; 68 − 25 = 43. Wa pili ameandika: 52 − 27 = 24; 81 − 46 = 35; 60 − 38 = 23; 68 − 25 = 43. Mwalimu mwenye haraka atatia alama za makosa, atawaona wote wawili kuwa wazito, na atawapa mazoezi yale yale ya ziada.

Lakini tusikilize mpango wa makosa. Mwanafunzi wa kwanza hukosea kila mahali panapohitaji kukopa, wala hakosei kwingineko. Katika kila safu anatoa tarakimu ndogo kutoka katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Silinda yake moja haiwaki, nayo inajulikana. Mwanafunzi wa pili anajua kukopa. Majibu yake hukosea kwa moja tu, mara zaidi, mara pungufu, na jibu moja lenye kukopa amelipata. Shida yake ni kuhesabu kwa pupa, au kutozoea utoaji wa tarakimu moja. Mazoezi ya ziada hayatamsaidia wa kwanza. Yatamzoeza kosa lake. Anahitaji vijiti vilivyofungwa kumi kumi, aone kwa macho yake fungu moja likifunguliwa.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi: mpe wa kwanza hesabu tatu zisizo na kukopa na tatu zenye kukopa, kisha mwambie aeleze kwa sauti anavyofanya. Hapo pia badili jambo moja kwa wakati mmoja.

Bila shaka mtoto si enjini. Enjini haina njaa, haiogopi kuchekwa, wala haikutembea kilomita nyingi asubuhi. Maswali ya mwalimu hayana budi kuwa mengi kuliko ya fundi, na mkono wake uwe mwepesi zaidi. Lakini fundi mwema hasemi "gari hili ni bovu" kabla ya kujua ni silinda ipi isiyowaka. Mtoto anastahili uangalifu usiopungua huo.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini tundu dogo la hewa huathiri zaidi mwendo wa kutulia kuliko mwendo wa kasi.

2. Enjini ya silinda 4 inazunguka mara 900 kwa dakika. Silinda zote huwaka mara ngapi kwa sekunde? Silinda moja ikikosa, ni mara ngapi?

3. Umebadilishana plagi za silinda ya 1 na ya 2, na udhaifu umehama kutoka ya 1 kwenda ya 2. Umejifunza nini? Na kama usingehama?

4. Andaa somo la uchunguzi kwa kutumia taa ya chemli, ukitaja hitilafu tatu utakazozitia na tahadhari utakazozichukua.

5. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, chukua daftari moja la Hesabu lenye makosa mengi. Yapange makosa hayo katika mafungu mawili, yenye mpango na yasiyo na mpango, kisha uandike kipimo kimoja utakachomfanyia mwenye daftari kabla ya kumpa zoezi jingine.